Bustani ya Siku Tano kwa Jina la Maskini

Iko desturi moja ya Ulaya ambayo inasifiwa sana siku hizi, nasi hatuwezi kuisifu. Wanatengeneza bustani nzuri ya maonyesho, wanaiita kwa jina la shida fulani ya watu au ya dunia, watu wanaitazama siku tano, kisha inabomolewa. Wanasema kwamba kwa njia hiyo mioyo ya watu inaamshwa. Sisi tunasema kwamba njia hiyo ina gharama kubwa isiyoandikwa, na wenye kuilipa gharama hiyo si wale wanaopewa medali.

Tueleze kwanza jambo lenyewe, maana wengi huku kwetu hawajalisikia.

Mahali pake panapojulikana kuliko pote ni Chelsea, mtaa wa London. Pale iko nyumba kubwa ya askari wazee, iliyoanzishwa na mfalme Charles wa Pili mwaka 1682. Wazee wa namna hiyo wapo hata leo, nao huvaa makoti mekundu. Katika uwanja wa nyumba yao, tangu mwaka 1913, Chama cha Kifalme cha Bustani kinafanya maonyesho ya maua mwezi wa Mei. Vita viliyakatiza, ugonjwa wa korona nao uliyakatiza mwaka 2020, na mwaka 2021 yakafanyika mwezi wa Septemba. Watu zaidi ya laki moja hununua tikiti na kuingia. Wengine mamilioni huyatazama katika televizyo.

Usifikiri, msomaji, kwamba ni kazi ya kupanda maua machache mbele ya nyumba, kama tunavyofanya katika lupango la misioni. Mafundi wanapewa majuma karibu matatu. Wanakuja na mashini za kuchimba, wanaweka misingi, wanajenga kuta, wanatengeneza vidimbwi na vijito, wanashusha mawe ya tani nyingi. Miti haipandwi ikiwa michanga: inaletwa mikubwa, imekwisha kukaa miaka mingi kitaluni, na mizizi yake imefungwa pamoja na udongo kama mzigo. Mingine inatoka katika vitalu vya Uingereza, mingine inapanda kamyo toka Italia, Ubelgiji au Ujerumani. Inainuliwa kwa mashini na kusimikwa, na siku ya kufungua utadhani ilizaliwa pale.

Na maua? Kila ua lina majira yake, lakini hapa yote yanapaswa kufunguka katika juma moja. Basi yale yanayochelewa yanatiwa katika nyumba za vioo na kupashwa moto. Yale yanayowahi yanatiwa katika vyumba vya baridi ili yazuiwe. Tena, kwa kuwa hakuna fundi anayeamini mvua na jua la Uingereza, wanaotesha vyungu vingi kuliko vinavyotakiwa, wanachagua vizuri, vingine vinabaki. Bustani moja kubwa hula mara nyingi laki kadhaa za pauni. Siku ya tano, jioni ya Jumamosi, kengele inalia na watu wanaanza kununua mimea na kuichukua mikononi mpaka katika treni. Baada yake zinarudi mashini zile zile, kwa sababu uwanja wa wazee lazima uwe tena majani matupu.

Zamani waliolipa walikuwa hasa mabenki, magazeti, na wenye kutengeneza divai ya shampani. Nao hatugombani nao leo. Mwenye benki akitaka kuonyesha utajiri wake kwa maua, ni feza yake, na angalau hasemi kwamba anatuhurumia.

Lakini pole pole yakaingia mashirika ya huruma. Mwaka 2016 Bibi Juliet Sargeant, fundi wa bustani aliyezaliwa Tanzania na kukulia Uingereza, alitengeneza bustani juu ya utumwa wa siku hizi, akapata medali ya zahabu. Katikati alisimamisha mwaloni, kukumbusha mti ambao Wilberforce alikaa chini yake mwaka 1787 akakata shauri la kupigana na biashara ya watumwa. Mwaka 2019 shirika la CAMFED, linalowasomesha wasichana wa Afrika, lilionyesha bustani yenye darasa la shule ya Zimbabwe pamoja na mimea ya chakula. Nayo ikapata medali, tena watu wakaipigia kura. Mwaka 2021 matajiri wawili waliokataa kutajwa majina walianzisha mfuko uitwao Project Giving Back, wakaahidi kulipia bustani za mashirika ya namna hiyo kuanzia mwaka 2022. Toka hapo jambo likawa kama mto uliojaa. Kuna bustani ya wagonjwa wa akili, ya wasio na nyumba, ya walemavu, ya maji safi, ya pori.

Hatusemi kwamba watu hawa wana moyo mbaya. Bibi Sargeant alisema neno la kweli mahali ambapo watu hawakutazamia kulisikia, na kwa hilo tunamheshimu. Wale matajiri wawili wameficha majina yao, jambo ambalo wakubwa wengi wa kwetu wangefaa kujifunza. Lakini moyo mwema hauwezi kufuta hesabu.

Tazameni mfano wa mwaka 2022. Bustani iliyopewa heshima ya kwanza kuliko zote ilikuwa ya shirika la Rewilding Britain, linalotaka nchi yao irudishiwe pori. Mafundi wake, Lulu Urquhart na Adam Hunt, walitengeneza kijito na bwawa la kastori, yule mnyama wa mtoni anayekata miti kwa meno na kuzuia maji. Walipanga vijiti, majani na magugu, kila kitu mahali pake, ili mtazamaji aone kana kwamba mkono wa mtu haujagusa kitu. Tuliposoma habari hiyo tulitaka kucheka. Wanalifundisha taifa kuacha ardhi ijitengeneze yenyewe. Nao wanachukua ardhi ya katikati ya mji mkubwa, wanaleta pori kwa kamyo, wanalipanga kwa mikono majuma matatu, wanalionyesha siku tano, wanaliondoa. Kastori wa kweli angefanya kazi hiyo bure, tena angebaki.

Tuseme sasa juu ya moshi. Wengi wetu tumewahi kuona ginsi chokaa inavyochomwa. Simenti nayo inapikwa hivyo, katika tanuru ya moto wa digri 1,450 hivi. Moto wenyewe unatoa gazi ya kaboni, lakini jiwe la chokaa pia, likipata moto, linatoa gazi iliyokuwa imefungwa ndani yake. Ndiyo maana simenti peke yake inatoa karibu sehemu 7 au 8 katika kila 100 za gazi hiyo ambayo watu wanamwaga hewani duniani kote. Mtu akijenga daraja kwa simenti, watu watavuka miaka 50 au 100, na gazi ile imekuwa na faida. Akimwaga msingi wa ukuta utakaosimama majuma machache tu, je, tuseme nini? Gazi haijui kwamba ukuta ulijengwa kwa nia njema. Inapanda juu vile vile, nayo itakaa huko muda mrefu sana baada ya medali kusahauliwa.

Haki lazima isemwe: wenye maonyesho wameliona jambo hili. Chama kile kimeanza kupima gazi ya kila bustani, na mafundi wengine wanajaribu kujenga pasipo simenti. Vizuri. Lakini kupima si kuacha.

Liko jambo lingine ambalo linatugusa sisi Wakongomani zaidi, ni jambo la turbe. Turbe ni ule udongo mweusi wa mabwawa. Majani na mizizi huanguka ndani ya maji, na kwa kuwa hewa haifiki, havimaliziki kuoza, vinarundikana. Kazi hiyo huenda polepole sana, kadiri ya milimeta moja kwa mwaka. Wakulima wa bustani wa Ulaya wamependa sana turbe, maana ni nyepesi na inashika maji. Kwa miaka mingi vyungu vya maua ya Uingereza vilijazwa turbe iliyochimbwa katika mabwawa yao wenyewe, ya Irlandi na ya nchi za Baltiki. Ikichimbwa na kukauka, hewa inaingia, inaoza upesi, na kaboni ya miaka elfu inatoka.

Sasa, bwawa kubwa la turbe kuliko yote ya nchi za joto ni letu. Liko katika bonde la katikati ya Kongo, upande wa Mbandaka na maziwa ya Tumba na Mai-Ndombe, likivuka mto mpaka Kongo-Brazzaville. Sehemu kubwa iko upande wetu. Wataalamu waliolipima walitoa hesabu mwaka 2022: kilometa za mraba 167,600, na ndani yake tani miliari 29 za kaboni. Lilianza kurundikana zamani, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Mwezi wa Novemba 2021, katika mkutano wa Glasgow, Waziri Mkuu wa Uingereza wa siku zile, Bwana Boris Johnson, kwa niaba ya nchi zinazotoa feza, alikubaliana na Prezidenti Tshisekedi juu ya dola milioni 500 kwa miaka mitano, ili tulinde misitu yetu na mabwawa haya. Tuliambiwa kwamba dunia yote inatutegemea. Mvuvi wa Tumba aliambiwa asichome, asikauke bwawa.

Na Uingereza? Mwaka 2022 serikali yao ilitangaza kwamba mwaka 2024 turbe haitauzwa tena kwa watu wa bustani za nyumbani. Mwaka 2024 ukafika, ukapita, sheria haikupigwa. Magunia yakaendelea kuuzwa. Chama cha Bustani chenyewe kilikuwa mbele ya serikali yake, maana tangu mwaka 2019 hakiuzi magunia ya turbe, nasi tunakishukuru. Lakini fikirini: taifa lenye ufundi mkubwa hivi, linaloweza kuchelewesha ua lifunguke Jumanne na si Jumamosi, lilishindwa kukataza gunia la udongo. Mvuvi asiye na shule wala umeme aliombwa awe na nguvu ya kujizuia kuliko wao. Kama bustani 20 za kuamsha mioyo zingekuwa na nguvu wanayotuambia, tungengojea sheria hiyo ionekane.

Hapo ndipo shaka yetu kubwa. Wanasema: tunaamsha watu. Ni watu gani? Anayelipa tikiti ya Chelsea amekwisha kujua kwamba wako watu wasio na maji, wasio na nyumba, wasichana wasio na shule. Amesoma katika gazeti lake, amesikia katika radio. Kinachomkosa si habari. Anapita mbele ya darasa la Zimbabwe, anasifu rangi ya ukuta, anauliza jina la ua la pembeni, anakunywa, anakwenda kwenye bustani inayofuata, ambayo ni ya wagonjwa. Huruma yake imepata mahali pazuri pa kupumzika. Tunaogopa kwamba anarudi nyumbani akijisikia kuwa amefanya jambo.

Wengine watatujibu kwamba mashirika madogo yanajulikana kwa njia hiyo, na feza inaingia. Pengine ndivyo, basi waionyeshe hesabu. Tumeona picha nyingi sana za bustani hizi, pamoja na medali zao. Bei kamili na faida kamili, vimeandikwa pamoja mahali pamoja, hatukubahatika kuviona.

Msidhani tunasema kwa kiburi. Sisi wenyewe tumefanya kosa hilo, tena karibu.

Miaka iliyopita, katika misioni moja, tulingojea mgeni mkubwa aliyekuja kufungua kazi ya kupigana na njaa ya watoto. Kamati ya mapokezi ilikaa, nasi tulikuwa ndani yake. Kama mnavyojua desturi yetu, tulitaka barabara ipambwe. Vijana wakatumwa kukata migomba, wakaisimika pande mbili toka njia panda hata mlango wa kanisa, sitini na zaidi, na maua mekundu yamefungwa katikati. Ilipendeza, hatukatai. Mgeni alipita ndani ya motokari, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Alitoa hotuba nzuri juu ya chakula cha watoto. Siku ya nne migomba ikaanguka, mbuzi wakala majani.

Katika ile sitini, kumi na mmoja ilikuwa ya mama mmoja mjane, na mingine ilikuwa na mikungu michanga. Alikuja barazani kwa Padri paroko siku tulipokuwa tunafunga hesabu za sikukuu. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: “Baba, migomba yangu imeandikwa wapi?” Tukatazama kitabu. Mchele uliandikwa, mbuzi wawili, esansi ya motokari, kreti za limonadi, hata misumari. Migomba haikuandikwa, maana hakuna aliyeinunua. Kwetu ilikuwa bure. Tulimpa machipukizi majira yaliyofuata, na machache yalishika. Mwaka ule watoto wake walikula kwa majirani.

Tangu siku ile tukisoma habari za bustani za huruma, tunatafuta migomba. Iko wapi katika kitabu? Bustani ililipiwa na fulani, mawe yametolewa na fulani, mimea imeoteshwa na fulani. Yote yametajwa kwa shukrani. Lakini moshi wa tanuru, wa kamyo na wa nyumba za vioo, bwawa lililochimbwa, mvua inayobadilika majira, hakuna aliyevinunua, kwa hiyo havikuandikwa. Mkulima wa milima ya Kivu aliyezoea kupanda maharagwe mwezi wa Septemba, na sasa hajui tena mvua itaanza lini, hakuombwa ruhusa. Si bustani ya Chelsea peke yake iliyomharibia majira, hilo tunalijua; ni viwanda, ndege, motokari na mashini za dunia nzima. Lakini viwanda havijidai kwamba vinafanya hivyo kwa ajili yake.

Mwalimu mmoja wa katekismu, rafiki yetu, alitupinga tulipomsomea maneno haya. Alisema: “Wazee wangu, ninyi mnasema kama Yuda katika nyumba ya Betania, aliyenung’unikia marhamu ya bei kubwa.” Neno lake lilituchoma, tukakaa kimya kidogo. Kisha tukamjibu: “Mwalimu, yule mwanamke alimimina marhamu yake mwenyewe, tena hakusema kwamba anayamimina ili maskini washibe. Alimheshimu Bwana, basi.” Nasi pia tunapenda maua. Siku ya Sakramenti Takatifu tunayamwaga njiani, na hatutaacha. Watu wa London wakitaka kufurahi kwa bustani, na wafurahi. Mwanadamu hakuumbwa kula tu. Lakini waseme: hii ni furaha yetu. Wasibandike juu yake jina la mtu mwenye kiu.

Mwalimu hakukubali kabisa. Alituambia habari ya Sheffield, na hapo alikuwa na haki kwa sehemu. Mwaka 2023 bustani ya shirika la Horatio’s Garden ilichukua heshima ya kwanza. Shirika hilo linatengeneza bustani katika hospitali za watu walioumia uti wa mgongo, ili mgonjwa aweze kutolewa nje na kitanda chake, aone jani, aone ndege. Bustani ile ilikusudiwa tangu mwanzo kuhamishiwa hospitali ya Sheffield. Na mfuko wa wale matajiri wawili unadai kwamba kila bustani iwe na mahali pa kuhamia. Hilo ni jema, tena ni jema sana kuliko desturi ya zamani. Mgonjwa asiyeweza kugeuza shingo hana haja na mabishano yetu. Anataka kivuli, nacho amepewa.

Tunauliza tu: kwa nini kivuli hicho kipitie Chelsea? Fundi anafahamu Sheffield iko wapi. Mti ungeweza kwenda moja kwa moja, kamyo moja badala ya mbili, kuchimbwa mara moja badala ya mara mbili, na kupandwa wakati wa baridi, ambapo mti hauumii sana, badala ya mwezi wa Mei, ambapo umejaa majani na unalia maji. Mgonjwa angepata kivuli mapema. Na feza iliyotumika kwa ajili ya siku tano za London ingeweza kumlipa mtu wa kumwagilia miaka mingi. Maana kila mtu aliyeshika jembe anajua kwamba bustani haifi siku ya kupandwa, hufa mwaka wa tatu, wakati hakuna tena picha.

Kwa hiyo tunaomba jambo ambalo si gumu kwa watu wenye ufundi kama wao. Bustani ikiwa na jina la shida ya watu, mbele yake kiwekwe kibao, karibu na medali, kwa herufi kubwa sawasawa na zile za jina la shirika. Kiseme bei yote ni pauni ngapi, simenti tani ngapi, miti imesafiri kilometa ngapi, vyungu vingapi viliachwa. Kiseme pia, mwaka ukiisha, feza ngapi zimewafikia wale walioitwa majina. Wakiona haya kukiweka, tutajua. Wakikiweka na hesabu ikawa nzuri, tutaandika katika kurasa hizi hizi kwamba tulikosea, na Mwalimu wetu atapewa nafasi ya kwanza ya kutucheka.

Na mashirika yanayotuandikia sisi, yakituomba picha za visima, watoto na mashamba yetu kwa ajili ya kazi ya namna hii, mapadri na wakubwa wa kamati wasikimbilie kutuma. Waulize kwanza kibao hicho kitawekwa au hapana, nao wangojee jibu lililoandikwa.